Ujerumani Iligawanyika, Austria Ikapona

Siku kumi na moja za Mei 1955 ziliipanga upya Ulaya ya kati. Tarehe 5 Ujerumani Magharibi ilirudishiwa mamlaka ya kujitawala, na baada ya siku nne ikaingia NATO. Tarehe 14 Umoja wa Kisovieti na washirika wake, Ujerumani Mashariki ikiwamo, walitia saini Mkataba wa Warsaw. Kesho yake, katika kasri la Belvedere mjini Vienna, mawaziri wa mambo ya nje wa Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti walikaa na mwenzao wa Austria wakatia saini mkataba wa kuyaondoa majeshi ya kigeni katika nchi yake.

Ujerumani na Austria zilipigana Vita vya Pili vya Dunia chini ya bendera moja. Zilishindwa katika majira yaleyale ya mwaka 1945, zikakaliwa na majeshi yaleyale manne, na kila moja ilikuwa na mji mkuu uliokatwa mafungu manne huku ukizungukwa pande zote na ukanda wa Wasovieti. Austria ilitoka nzima. Ujerumani ilitoka vipande viwili, na ikakaa hivyo hadi Oktoba 1990. Kwa nini?

Wengi hujibu kwamba ni Vita Baridi. Lakini Vita Baridi vilikuwa vilevile Vienna na Berlin. Wapelelezi walikuwa walewale na majenerali walinuniana vilevile. Wengine hutaja ramani: nchi ikishachorewa mistari, imekwisha. Hata hivyo Austria nayo ilichorewa mistari, na mistari hiyo ilifutwa. Tukizitazama kwa pamoja nchi zilizopita katika mkono wa washindi wa 1945, yaani Ujerumani, Austria, Japani na Korea, jambo jingine linajitokeza. Nchi iliyopona ni ile iliyokuwa na serikali moja ya wenyeji, yenye kutambuliwa na wote, kabla wakubwa hawajakosana. Ilipona zaidi pale kanuni za ukaliaji zilipoiruhusu serikali hiyo iendelee kutawala hata baada ya wakubwa kukosana.

Mistari ilikuwa ya muda

Kanda za Ujerumani hazikuchorwa na watu waliotaka nchi mbili. Zilichorwa London na Tume ya Ushauri ya Ulaya, chombo cha mabalozi na maofisa wa Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti, kwa kufuata pendekezo la kamati ya Uingereza iliyoongozwa na Clement Attlee. Itifaki ilitiwa saini tarehe 12 Septemba 1944, wakati Wamarekani ndiyo kwanza wanaukanyaga mpaka wa Ujerumani upande wa magharibi na Jeshi Jekundu bado liko Poland. Hakuna aliyejua nani angefika wapi kwanza. Kila dola lilijiwekea akiba: nikichelewa, angalau sehemu yangu imeandikwa. Ufaransa iliongezwa baadaye, baada ya mkutano wa Yalta wa Februari 1945, na ukanda wake ukamegwa kutoka mafungu ya Marekani na Uingereza.

Vita vilipokwisha, majeshi hayakuwa mahali yalipopangiwa. Wamarekani walikuwa wameiteka Leipzig na sehemu kubwa ya Thüringen na Saxony, ndani ya ukanda wa Wasovieti. Mwanzoni mwa Julai 1945 waliondoka huko, nao wakaingia katika sehemu zao za Berlin. Makubaliano yalikuwa na nguvu kuliko vifaru, na wakati huo waliyaheshimu wote. Mkutano wa Potsdam, ulioanza mwezi huohuo, uliamua kwamba Ujerumani iendeshwe kama uchumi mmoja, na kwamba ziundwe idara kuu za Kijerumani za fedha, uchukuzi, mawasiliano, biashara ya nje na viwanda.

Idara hizo hazikuundwa kamwe. Hapo ndipo pa kuanzia, na si kwenye ramani.

Kauli moja au hakuna kauli

Serikali ya mwisho ya Wanazi, iliyoongozwa na Karl Dönitz huko Flensburg, ilikamatwa yote tarehe 23 Mei 1945. Tarehe 5 Juni makamanda wa madola manne walitangaza kwamba mamlaka yote ya juu ya Ujerumani yako mikononi mwao. Kwa uhalifu uliokuwa umetendwa, ni vigumu kuona wangefanya nini kingine. Nani angekubali kuwaachia watumishi wa Hitler ofisi zao? Lakini uamuzi huo uliiacha nchi ya watu zaidi ya milioni 60 bila Mjerumani hata mmoja wa kuzungumza kwa niaba ya wote.

Mahali pa serikali liliwekwa Baraza la Udhibiti la Washirika, lenye makao yake Berlin. Kanuni yake ilikuwa fupi: mambo yanayoihusu Ujerumani nzima yaamuliwe kwa kauli moja ya makamanda wanne, na kila kamanda ana mamlaka kamili ndani ya ukanda wake. Wakikubaliana, kuna sheria moja. Wasipokubaliana, hakuna sheria ya nchi, bali kila mmoja anafanya lake kwake. Kwa hiyo kila ugomvi, hata mdogo, uliongeza unene wa mistari ya kanda. Hakukuwa na haja ya mtu yeyote kuamua kuigawa Ujerumani. Ilitosha washindwe kuamua jambo jingine lolote.

Wa kwanza kulifunga Baraza hawakuwa Wasovieti, bali Wafaransa. Hawakualikwa Potsdam na hawakujiona wamefungwa na maamuzi yake. Nchi yao ilikuwa imevamiwa na Ujerumani mara tatu ndani ya miaka 70, nao walitaka Ruhr, nchi ya mto Rhein na Saar zitengwe. Kuanzia vuli ya 1945 walizikatalia idara kuu za Kijerumani. Wakati huohuo Wasovieti walikuwa wakijenga kwao: Septemba 1945 walianza kugawa mashamba yaliyozidi hekta 100, na Aprili 1946 chama cha Wasoshalisti katika ukanda wao kilishinikizwa kuungana na Wakomunisti kuwa chama kimoja, SED. Upande wa magharibi majimbo yalianza kupewa mabunge na magavana wa Kijerumani. Maofisa wa Kijerumani wakajifunza kazi kwa mabwana tofauti, na kila mwaka uliopita uliwafanya wawe wageni zaidi kwa wenzao.

Fidia, mkate na sarafu

Kilichoyakosanisha madola ya ushindi kilianzia tumboni na mfukoni kabla ya kufika kwenye itikadi. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umepoteza watu wapatao milioni 27, na miji yake ya magharibi ilikuwa magofu. Ulitaka fidia: mitambo, makaa, reli, hata viwanda vizima vilivyofunguliwa na kupakiwa kwenye mabehewa. Potsdam iliafiki kwamba kila dola lijichukulie kutoka ukanda wake, na Wasovieti waongezewe sehemu ya mitambo ya kanda za magharibi, nyingine kwa kubadilishana na chakula na malighafi, nyingine bure.

Uingereza ilikuwa na tatizo la kinyume. Ilipewa Ruhr yenye makaa na chuma, lakini watu wake walikuwa wengi na mashamba machache, na nafaka za kuwalisha ilibidi zinunuliwe kwa dola ambazo London haikuwa nazo. Julai 1946 Waingereza walianza kugawiwa mkate kwa kadi, jambo ambalo hata wakati wa vita halikutokea. Mlipa kodi wa London alikuwa akimlisha adui wa jana. Kwa Waingereza na Wamarekani, kung'oa mitambo ya Ujerumani na kuipeleka mashariki maana yake ilikuwa Wajerumani wasiweze kujilisha, na mzigo ubaki kwao. Mei 1946 Jenerali Lucius Clay wa Marekani alisimamisha upelekaji wa fidia kutoka ukanda wa Marekani. Januari 1947 kanda za Marekani na Uingereza ziliunganishwa kiuchumi. Juni mwaka huohuo George Marshall, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alitangaza mpango wa kuijenga Ulaya. Moscow ikaukataa kwa niaba yake na ya majirani iliowashika.

Kisha ikaja fedha. Reichsmark ilikuwa imepoteza thamani, na sigara ya Kimarekani ilinunua zaidi kuliko noti. Uchapaji nao ulikuwa umeharibika tangu mwanzo: mwaka 1944 Marekani iliwapa Wasovieti sahani za kuchapia noti za kijeshi za ukaliaji, nao wakachapa bila kuhesabiana na mtu. Kila upande ulikiri kwamba sarafu mpya inahitajika, lakini hawakukubaliana nani aichape. Machi 1948 Marshal Sokolovsky, kamanda wa Wasovieti, alitoka katika kikao cha Baraza la Udhibiti, na Baraza likafa kwa vitendo. Tarehe 20 Juni kanda za magharibi zilianza kutumia Deutsche Mark. Kila mtu alianza na marki 40 za kubadilishiwa. Siku tatu baadaye Wasovieti walitoa yao, na tarehe 24 Juni wakazifunga barabara, reli na mifereji ya kuingia Berlin Magharibi.

Mzingiro ule unakumbukwa kwa ndege zake, na ni haki: zaidi ya tani milioni 2 za makaa, unga na mahitaji mengine zilishushwa kwa njia ya anga hadi barabara zilipofunguliwa Mei 1949. Kwa swali letu, hata hivyo, tukio zito zaidi ni lile la sarafu. Mwenye duka aliyekataa noti ya upande wa pili alikuwa ameshaishi katika nchi nyingine, ingawa nchi hiyo ilikuwa haijapewa jina. Majina yalifuata: Katiba ya Msingi ya Jamhuri ya Shirikisho tarehe 23 Mei 1949, miaka minne kamili tangu Dönitz akamatwe, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani tarehe 7 Oktoba.

Mafahali wanne wa Vienna

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Vienna walikaa wanne kwa miaka kumi. Mtaa wa kati wa mji haukuwa wa dola lolote. Uliongozwa kwa zamu, mwezi kwa mwezi, na doria ya askari wanne, kila mmoja na sare yake, ilizunguka ndani ya gari moja.

Siri haikuwa urafiki wao. Tarehe 27 Aprili 1945, wiki mbili tu baada ya Jeshi Jekundu kuiteka Vienna, mzee Karl Renner, aliyewahi kuwa kansela baada ya vita vya kwanza, alitangaza serikali ya muda kwa idhini ya Wasovieti. Ndani yake walikuwamo Wasoshalisti, wahafidhina wa chama cha Watu na Wakomunisti. Nchi za magharibi zilimshuku kuwa kibaraka wa Stalin na hazikumtambua hadi Oktoba. Mwezi uliofuata uchaguzi ulifanyika katika nchi nzima, kanda zote nne, siku moja. Wahafidhina walipata viti 85, Wasoshalisti 76, Wakomunisti 4. Stalin aliyemsimamisha Renner alikosea hesabu, lakini serikali ilikuwa tayari ni moja, na hakukuwa na njia rahisi ya kuikana.

Hatua iliyofuata haina umaarufu wowote, nayo pengine ndiyo iliyoiokoa Austria. Mkataba wa Udhibiti wa tarehe 28 Juni 1946 uliipindua kanuni ya Berlin. Sheria ya kawaida ya bunge la Austria ingeanza kutumika baada ya siku 31, isipokuwa madola yote manne yaipinge kwa kauli moja. Ni sheria za katiba tu zilizohitaji idhini yao ya wazi. Berlin, dola moja likikataa, hakuna lililofanyika. Vienna, dola moja likikataa, serikali iliendelea na kazi. Kutokukubaliana kwa wakubwa, ambako Ujerumani kulizaa mipaka, Austria kulizaa nafasi ya wenyeji kupumua.

Haikuwa raha. Wasovieti walivishika visima vya mafuta na viwanda vingi walivyovihesabu kuwa mali ya Wajerumani, wakaviendesha kwa faida yao. Lakini msaada wa Marshall uliingia hata katika ukanda wao, kwa sababu ulipitia mikononi mwa serikali moja. Sarafu ilikuwa moja. Stalin alipofariki mwaka 1953 na warithi wake wakataka kupunguza mvutano, kulikuwa na mtu Vienna wa kujadiliana naye. Aprili 1955 kansela Julius Raab na waziri wake Leopold Figl walikwenda Moscow na kurudi na bei: bidhaa za dola milioni 150 kwa ajili ya viwanda, mafuta ya kulipwa kwa miaka kumi, na ahadi ya kutoegemea upande wowote wa kijeshi.

Kulikuwa na bei nyingine, isiyoandikwa kwenye risiti. Azimio la Moscow la 1943 liliiita Austria nchi ya kwanza kudhulumiwa na Hitler, ingawa liliikumbusha pia kwamba inawajibika kwa kupigana upande wa Hitler. Siku moja kabla ya kutia saini, Figl alifanikiwa kuondoa maneno hayo ya kuwajibika katika mkataba. Umati uliomshangilia Hitler Vienna mwaka 1938 ukasahauliwa kwa urahisi, na ni mwaka 1991 tu ambapo kansela, Franz Vranitzky, alikiri bungeni sehemu ya Waaustria katika maovu yale. Umoja wa nchi ulijengwa juu ya nusu ya ukweli, na Wajerumani hawakupewa nafuu hiyo.

Je, si uzito tu?

Msomaji mkali atasema: Austria ilikuwa na watu milioni 7, haina Ruhr, haina jeshi la kuogopwa, kuiachia hakukumgharimu mtu. Ujerumani ilikuwa donge nono mno kuachiwa upande mmoja. Hoja hii ni nzito. Inaeleza kwa nini Machi 1952, Stalin alipopendekeza Ujerumani moja isiyoegemea upande wowote, nchi za magharibi na kansela wa Ujerumani Magharibi mwenyewe, Konrad Adenauer, hawakuona usalama wa kutosha ndani yake. Inaeleza pia kwa nini Tokyo haikupata kanda: Stalin aliomba nusu ya kaskazini ya Hokkaido Agosti 1945, Rais Truman wa Marekani akakataa, na Jenerali wake MacArthur akaitawala Japani peke yake kupitia serikali ya Wajapani na mfalme wao.

Lakini uzito hauielezi Korea. Hiyo haikuwa hata nchi iliyoshindwa. Ilikuwa koloni la Japani tangu 1910, na mwaka 1945 hakuna dola kubwa lililoiweka mbele katika mipango yake. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Agosti, maofisa wawili wa Kimarekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, walipewa kama nusu saa kupendekeza mstari wa kupokelea silaha za Wajapani. Wakitumia ramani ya National Geographic walichagua latitudo ya 38, kwa kuwa ingeiacha Seoul upande wao. Wasovieti walikubali bila ubishi.

Wakorea walikuwa wameanza kuunda kamati zao za wananchi, na tarehe 6 Septemba wakatangaza jamhuri mjini Seoul. Wamarekani walitua Incheon siku mbili baadaye na kukataa kuitambua. Kaskazini Wasovieti walizipokea kamati, kisha wakazijaza watu wao. Desemba mjini Moscow madola yalipanga kuiweka Korea chini ya udhamini wa hadi miaka mitano, utaratibu wa jamaa moja na ule ambao Tanganyika iliwekewa mwaka uliofuata chini ya Umoja wa Mataifa. Wakorea wengi waliona ni ukoloni wa jina jipya, na tume ya pamoja ya Wamarekani na Wasovieti ilivunjika bila kukubaliana hata ni vyama gani visikilizwe. Mwaka 1948 zikatangazwa serikali mbili, kila moja ikidai peninsula nzima. Miaka miwili baadaye zilipigana, na mamilioni wakafa.

Korea nyepesi iligawanyika, Japani nzito haikugawanyika. Uzito basi unaeleza jinsi wakubwa watakavyong'ang'ania. Hauelezi kama ung'ang'anizi huo utaikata nchi. Hilo linategemea kama kuna mwenyeji mwenye mamlaka ambaye wote wanalazimika kupitia kwake.

Gharama iliyofika mbali

Nchi ikiwa mbili, kila moja hutafuta kutambuliwa, na ugomvi husafiri. Serikali ya Ujerumani Magharibi mjini Bonn ilitangaza kwamba dola litakaloitambua Ujerumani Mashariki litakuwa limekosana nayo. Kanuni hiyo, iliyopewa jina la Walter Hallstein, ilifika hadi kwetu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na miezi mitatu baadaye ikaungana na Tanganyika iliyokuwa ikipokea msaada wa Bonn. Februari 1965 Tanzania iliruhusu ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki Dar es Salaam. Bonn ikaondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akajibu kwamba msaada uliobaki nao uchukuliwe. Majengo ya ghorofa ya Kikwajuni na Kilimani huko Zanzibar, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ni matokeo ya mstari uliochorwa London mwaka 1944.

Muungano wa Ujerumani ulipokuja, ulipita njia ileile kwa kurudi nyuma. Kwanza ilipatikana sauti ya wenyeji: uchaguzi huru wa Machi 1990 uliipa Ujerumani Mashariki serikali iliyotaka muungano, na mazungumzo yakaitwa mbili jumlisha nne, Wajerumani wakitangulia na madola yakifuata. Kisha sarafu: tarehe 1 Julai 1990 Deutsche Mark ilianza kutumika mashariki, miezi mitatu kabla ya bendera kuwa moja. Na Moscow ililipwa, kama Waaustria walivyolipa, kwa mabilioni ya marki za kuwarudisha na kuwajengea nyumba askari wake, ambao wa mwisho waliondoka Agosti 1994.

Tangu 1945 majeshi ya kigeni yameingia katika nchi nyingi, na magazeti huharakisha kuchapisha ramani yenye rangi za kanda. Ramani hiyo haina ubaya, ila inajibu swali dogo. Maswali makubwa ni haya: nani anachapa noti, nani anaitisha uchaguzi na unafika wapi, na wakubwa wakikosana usiku huu, ofisi gani itafunguliwa kesho asubuhi. Austria ilikuwa na majibu kabla ya mwaka wa pili wa ukaliaji kwisha. Ujerumani iliyangoja miaka 45. Korea ina sarafu mbili, na kati yake kuna mkataba wa kusitisha mapigano wa Julai 1953 ambao haujageuzwa kuwa mkataba wa amani.